Kahawa ya Hispania na pombe yake: ndani ya kikombe au kando?

Hispania hakuna kahawa moja ya siku nzima. Kuna ya asubuhi, kubwa na yenye maziwa mengi. Kuna ya saa nne au saa tano, wafanyakazi wanapotoka kazini kidogo kupata kitu cha kutafuna. Kuna ya baada ya chakula cha mchana, fupi na kali, ambayo kwa kuwa wenzetu wale hula kati ya saa nane na saa kumi, mara nyingi huwa ya alasiri kabisa. Halafu kuna ya jioni changa pamoja na keki au churros, vijiti vya unga vilivyokaangwa kwa mafuta. Pombe huandamana hasa na ile ya baada ya chakula, na katika baadhi ya mikoa na ile ya katikati ya asubuhi. Ukilijua hilo, nusu ya uchaguzi umeshamaliza.

Watu wengi wanaoniuliza kuhusu jambo hili, waliohamia Madrid au Barcelona na wanaopita tu, huanza na chupa. Licor 43 au brandi? Anisi au orujo? Naona swali hilo lingoje kwanza. Amua kama unataka pombe iingie ndani ya kikombe, au ikae kando kwenye glasi yake ndogo. Ni starehe mbili tofauti kabisa, na chupa inayofaa kwa moja mara nyingi huharibika kwenye nyingine. Ndani ya kikombe pombe inageuka kiungo: inakutana na sukari, maziwa, mdalasini na moto, na ule utamu wake wa ndani hauonekani tena. Kando ya kikombe kila kitu kinasimama peke yake, na pombe mbovu haina pa kujificha.

Anza na kahawa yenyewe

Café solo ni espreso tupu, kikombe kidogo cheusi. Cortado ni hiyohiyo iliyotiwa maziwa ya moto kidogo, ya kupunguza makali tu. Café con leche ni kahawa na maziwa karibu nusu kwa nusu, nayo ndiyo kahawa ya asubuhi ya nchi nzima, pamoja na mkate wa kuchoma uliopakwa nyanya na mafuta ya zeituni. Leche manchada ni maziwa yaliyopakwa rangi ya kahawa. Mhudumu anaweza kukuuliza kama maziwa yawe caliente, templada au fría, yaani ya moto, ya vuguvugu au baridi, na kama unataka kikombe au glasi. Jibu lolote ni sawa, ila usikae kimya: kaunta ina watu na yeye ana haraka.

Ukitaka kujua Wahispania wanavyolichukulia kwa uzito suala la kiasi cha maziwa, itazame Málaga. Pale Café Central, kwenye uwanja wa Plaza de la Constitución, palikuwa na vigae ukutani vilivyochorwa glasi kumi, kila moja na kiwango chake cha kahawa na jina lake: solo, largo, semilargo, solo corto, mitad, entre corto, corto, sombra, nube, na ya kumi, glasi tupu, iliyoitwa "no me lo ponga", yaani usiniwekee. Mkahawa ule ulifungwa mwaka 2022, lakini majina yanaishi mji mzima. Ukiwa Málaga ukaomba nube, unaletewa maziwa yenye tone la kahawa; ukiomba mitad, nusu kwa nusu. Nje ya mkoa ule ukitamka nube, huenda mhudumu akakukodolea macho.

Sasa ladha. Kahawa ya baa za kawaida Hispania ina uchungu unaowashtua wageni, na sababu yake kubwa ni torrefacto. Karibu na mwisho wa kukaanga, sukari humwagwa juu ya buni. Inayeyuka, inaungua, na kuifunika kila punje kwa ganda jeusi linalong'aa. Kanuni zinaruhusu hadi kilo 15 za sukari kwa kilo 100 za kahawa. Aliyeieneza njia hiyo mwanzoni mwa karne ya 20 ni José Gómez Tejedor, mfanyabiashara wa Badajoz. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 hadi 1939 nchi ilikuwa na njaa na kahawa ilikuwa adimu. Torrefacto ikatoa kikombe cheusi kwa buni kidogo na kuficha kasoro za buni hafifu. Dhiki ikaisha, ladha ikabaki. Madukani hadi leo utaona pakiti za aina mbili kwa wingi: natural, iliyokaangwa bila sukari, na mezcla, mchanganyiko wa natural na torrefacto, ambapo pakiti yenyewe hutaja uwiano.

Jambo lingine ni robusta. Hispania inanunua robusta nyingi, na kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa wateja wakubwa wa kahawa ya Uganda. Aliyekua akinywa kahawa ya Masaka au Bukoba atautambua ule mwili mzito na uchungu wa mwishoni hata ikiwa imefunikwa na sukari iliyoungua.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni cortado. Maziwa yale kidogo yanautuliza uchungu wa torrefacto bila kuizamisha kahawa, na cortado inafaa saa yoyote. Ukipata duka linalotumia natural peke yake, rudi kwenye solo, ndipo utajua unakunywa nini. Café con leche iache ya asubuhi au ya jioni changa. Hakuna atakayekukataza kuinywa baada ya mlo wa mchana, ila tumbo lako, likiwa limeshajaa wali na nyama, litakulaumu.

Kiangazi kuna café con hielo, na hapa kuna utaratibu wa kuufahamu. Unaletewa solo ya moto kwenye kikombe na glasi kando yenye vipande vya barafu. Sukari unatia kwenye kahawa ikiwa bado ya moto, unakoroga mpaka iyeyuke, kisha unaimimina mwenyewe juu ya barafu kwa mkupuo mmoja. Ukianza na barafu, sukari itakaa chini kama mchanga. Valencia wanaiita café del tiempo, na huweka kipande cha limau ndani ya glasi ya barafu. Limau lile hufanya kazi nzuri kuliko unavyofikiria.

Pombe ndani ya kikombe

Ya kwanza kabisa ni carajillo: espreso na pombe kali. Kwa kawaida ni brandi, lakini unaweza kuomba ya ramu, ya anisi au ya wiski. Inaandaliwa kwa njia mbili na tofauti yake ni kubwa. Ya haraka, mhudumu anamimina brandi kwenye kahawa na kukupa. Unapata kahawa inayonuka spiriti. Ya pili ni carajillo quemado, iliyochomwa. Brandi inaingia kwanza kwenye glasi nene, pamoja na sukari, ganda la limau na buni mbili tatu. Inapashwa kwa mvuke wa mashine, kisha inawashwa. Mwali wa buluu unatambaa juu, sukari inaanza kuyeyuka, ganda la limau linatoa mafuta yake, na mhudumu anakoroga taratibu kwa kijiko kirefu. Kahawa ikimiminwa juu, moto unazimika. Makali ya spiriti yamepungua, yamebaki harufu ya sukari iliyoungua na limau.

Mimi sinywi carajillo ambayo haijachomwa, na simshauri mtu. Ila kuwa na busara: saa tisa mchana baa ikiwa imejaa, mhudumu mmoja na meza kumi na tano, usimwombe akuchomee. Subiri watu wapungue, au agiza ya ramu, ambayo haiumizi sana ikimiminwa tu. Katika kisiwa cha Mallorca utaikuta kwa jina la rebentat.

Cremaet ni carajillo iliyokwenda shule. Ni ya pwani ya mashariki, Castellón na Valencia, na wenyewe wana fahari nayo sana. Ramu inachomwa pamoja na sukari, kijiti cha mdalasini, ganda la limau na buni. Kisha inachujwa kwenye glasi ya uwazi, na kahawa inamiminwa juu polepole sana, mara nyingi kwa kupitisha mgongoni mwa kijiko, ili visichanganyike. Ukiiinua dhidi ya mwanga unaona matabaka matatu: ramu ya rangi ya asali chini, kahawa nyeusi katikati, povu la rangi ya mchanga juu. Baa inayoleta cremaet iliyovurugika inapoteza wateja.

Saa yake nayo ni ya pekee. Cremaet ndiyo inayofunga esmorzaret, mlo wa Kivalencia wa kati ya saa tatu na saa tano asubuhi: mkate mrefu uliojazwa nyama ya farasi, soseji au mayai, zeituni na karanga mezani, mvinyo uliozimuliwa kwa soda au bia, na mwisho kahawa hii. Unawakuta mafundi ujenzi, wazee waliostaafu na madaktari meza moja. Kama una siku moja tu Valencia na unakunywa pombe, iweke cremaet mbele ya vyote nilivyotaja hapa. Haihitaji maziwa, haina utamu wa kuchosha, na bado inamfaa asiyependa ukali.

Upande wa utamu kuna wawili wanaofanana mpaka watu huwachanganya: barraquito wa kisiwa cha Tenerife na asiático wa Cartagena, mji wa bandari. Wote wana maziwa mazito ya kopo yenye sukari. Wote hutiwa Licor 43, pombe ya rangi ya dhahabu yenye harufu ya vanila na machungwa, nguvu yake asilimia 31, inayotengenezwa na familia ya Zamora huko Cartagena tangu miaka ya 1940. Wote hunyunyiziwa mdalasini na kupambwa kwa ganda la limau. Tofauti iko hapa: asiático anaongezewa brandi, barraquito anaongezewa maziwa yaliyopigwa povu.

Tofauti hiyo inabadilisha kila kitu. Barraquito huletwa kwenye glasi ndogo ya uwazi, maziwa ya kopo chini, Licor 43 juu yake, kisha espreso, kisha povu la maziwa. Anapendeza macho, na inabidi umkoroge kabla ya kunywa, vinginevyo midomo inapata povu na chini unabaki na utamu mtupu. Ni laini, ni wa jioni changa, anachukua nafasi ya keki. Asiático huja kwenye glasi nene yenye mguu iliyotengenezwa kwa ajili yake, ni mzito, ana joto la kifuani, na ni wa baada ya chakula cha bandarini: samaki, wali wa caldero uliopikwa kwa supu ya samaki, kisha hiyo. Kama wewe si mtu wa pombe sana ila unataka kuonja, chagua barraquito. Kama umezoea na unataka kitu kinachokaa nawe, asiático. Kuagiza wote wawili siku moja ni kujaza sukari mwilini bila sababu.

Kuna wengine wa mikoani ambao utakutana nao kwenye orodha za baa. Belmonte, wa Murcia, ni maziwa ya kopo, kahawa na brandi, karibu asiático asiye na Licor 43. Trifásico, wa Catalonia, ni kahawa, maziwa na brandi. Wajaribu ukiwa huko. Sioni sababu ya kuwafuata mbali.

Pombe kando ya kikombe

Hapa tunaingia kwenye sobremesa, ule muda wa kubaki mezani baada ya kula. Sahani zimeondolewa, hakuna anayeleta bili mpaka uiombe, na mazungumzo ndiyo kwanza yanaanza. Zamani mlo wa heshima ulimalizwa kwa vitu vitatu: kahawa, glasi ya pombe na sigara kubwa. Sigara iliondolewa ndani ya baa kwa sheria iliyoanza Januari 2011. Kahawa na glasi vimebaki. Fahamu pia kwamba kahawa huja baada ya kitinda mlo. Ukitaka viletwe pamoja, sema mapema.

Pombe ya kando inayoniridhisha kuliko zote ni brandi ya Jerez. Pombe yenyewe hutokana na mvinyo mweupe, mwingi wa zabibu za airén za La Mancha, lakini lazima izeeshwe katika miji mitatu tu ya kusini: Jerez de la Frontera, El Puerto de Santa María na Sanlúcar de Barrameda. Mapipa ni ya mwaloni, na kwanza yalihifadhi mvinyo wa sherry. Yanapangwa kwa ngazi. Ya kuuzwa hutolewa kwenye pipa la chini, na si lote, sehemu tu. Pengo linajazwa kutoka pipa la juu yake, na la juu kutoka la juu zaidi. Hivyo kila chupa ina kidogo cha kale na kidogo cha juzi.

Madaraja ni matatu na hapa ndipo pesa za watu hupotea. Solera ni changa, nyepesi na ya bei ndogo. Solera Reserva imekaa zaidi. Solera Gran Reserva imekaa miaka kadhaa na ina harufu ya zabibu kavu, karanga na mbao. Ya kutia ndani ya carajillo ni Solera. Moto na sukari havitaonyesha tofauti, na kuichoma Gran Reserva ni kutupa kazi ya watu ya miaka. Ya kando ya kikombe ni Gran Reserva, kwenye glasi yenye tumbo, bila barafu, ukiipasha kwa kiganja. Na kahawa yake iwe solo, maana maziwa yanaacha utando mdomoni unaozuia ladha ya brandi isifike.

Yule fahali mweusi mkubwa unayemwona juu ya vilima kando ya barabara kuu za Hispania alichorwa mwaka 1956 na Manolo Prieto kuitangaza brandi ya Veterano ya kampuni ya Osborne. Sheria ilipokataza matangazo ya barabarani, maandishi yalifutwa. Wananchi wakamtetea fahali, na mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya nchi ikaamua abaki.

Anisi, pombe yenye harufu ya mbegu za mmea wa jina hilo, ni habari nyingine. Aliyezoea shamari na viungo vya pwani ataipenda mara ya kwanza. Asiyependa harufu hiyo asijilazimishe, haizoeleki. Kuna dulce, tamu, na seco, kavu. Anís del Mono inatengenezwa Badalona, karibu na Barcelona, tangu 1870, chupa yake ina vinundu pande zote, na lebo ina nyani mwenye uso wa mtu ambaye wengi humwona anafanana na mwanasayansi Charles Darwin. Wakati wa Krismasi familia huikwaruza ile chupa kwa kijiko iwe ala ya muziki. Chinchón, mji mdogo kusini-mashariki ya Madrid, una anisi yake yenye hadhi iliyolindwa kisheria, na aina yake moja, seco especial, inapita asilimia 70. Hiyo ya mwisho inywe kwa maji baridi. Ikikutana nayo inageuka nyeupe kama maziwa.

Kati ya brandi na anisi kando ya kahawa, anisi tamu inaenda vizuri na solo chungu, hata ya torrefacto, kwa sababu utamu na uchungu vinasawazishana. Brandi nzuri inataka kahawa nzuri. Ndiyo maana kwenye baa ya kawaida mimi huelekea kwenye anisi, na kwenye hoteli yenye mashine nzuri naelekea kwenye brandi. Na kama huwezi kuamua, wazee wana sol y sombra: nusu anisi, nusu brandi, glasi moja. Ni kali kweli, na wapo waliokuwa wakiinywa alfajiri kabla ya kazi. Sitakusukuma huko.

Pacharán ni ya Navarra, kaskazini. Matunda madogo ya porini ya rangi ya buluu iliyokolea, huitwa endrinas, hulowekwa kwenye anisi kwa miezi, angalau mmoja na isiyozidi minane, mpaka pombe inakuwa nyekundu. Nguvu yake ni asilimia 25 hadi 30. Huletwa baridi, kwenye glasi ndogo. Ikiwa umeshiba nyama choma ya kondoo na unataka kitu chepesi kando ya cortado, chukua hii. Uchachu wa yale matunda unakata mafuta, jambo ambalo brandi haifanyi.

Galicia, kaskazini-magharibi, wanakeneka makapi ya zabibu yaliyobaki baada ya kukamua mvinyo. Hiyo ni orujo. Nyeupe ni kali, nguvu yake huanzia asilimia 37.5, na ladha yake inakumbusha ganda la zabibu. Wengi wanaipenda zaidi ikiwa licor de hierbas, iliyolowekwa mimea na kutiwa sukari, rangi yake njano au kijani. Ibiza nao wana hierbas yao, lakini msingi wake ni anisi yenye majani ya rozmari na mengineyo, kwa hiyo usidhani ni kitu kimoja.

Mara nyingi mwisho wa mlo mwenye mgahawa hukuletea kiglasi kidogo, chupito, bila malipo: hierbas, pacharán au krimu ya orujo. Ni ukarimu, si mtego. Ukikataa kwa "no, gracias" hakuna atakayeudhika.

Pombe iliyotengenezwa kwa kahawa

Kuna njia ya tatu, na watu wengi hawaijui: kahawa na pombe zikiwa chupa moja tangu mwanzo. Ourense, Galicia, wanaloweka buni kwenye orujo pamoja na sukari na kuita licor café. Familia nyingi zina yao, na kila moja inaamini ya jirani imekosewa. Alcoy, mkoa wa Alicante, wana café licor, kavu zaidi, ambayo hutiririka mwezi Aprili wakati wa sherehe za Moros y Cristianos, yaani Wamori na Wakristo, mara nyingi ikichanganywa na kinywaji baridi. Cuenca wana resolí: kahawa, mdalasini na ganda la chungwa kwenye pombe kali, kinywaji cha Wiki Takatifu, kinachouzwa pia katika chupa za umbo la zile nyumba zao zinazoning'inia ukingoni mwa bonde.

Resolí ndiyo ninayoipendelea kati ya hizo tatu, kwa ajili ya chungwa na mdalasini. Licor café ya nyumbani inanyweka kirahisi mno. Utamu wake unakuficha usijue umefika wapi, na kahawa iliyomo inakuweka macho. Hili linahusu vinywaji vyote nilivyovitaja: kahawa inaondoa usingizi tu, pombe inabaki mwilini kama ilivyo. Unayejiona uko macho baada ya asiático wawili bado hufai kushika usukani.

Kwa asiyekunywa pombe

Waislamu na wengine wasiokunywa hawana sababu ya kukaa nje ya meza hiyo. Café bombón ya Valencia na Alicante ni espreso juu ya maziwa ya kopo, hakuna kingine, na inatoa sehemu kubwa ya utamu wa asiático. Visiwa vya Canaria wana leche y leche, kahawa yenye maziwa ya kopo na maziwa ya kawaida. Barraquito anaweza kuombwa "sin licor", na mdalasini na limau lake vinamtosha. Kwa aliyelelewa na kahawa chungu ya kwenye birika, kashata mkononi, solo yenye kipande cha turrón, kitamu cha lozi na asali, kando ndiyo itakayomkaa vizuri zaidi. Hakikisha tu umeuliza, kwa sababu baa nyingine za Tenerife humtia pombe barraquito bila kukuambia, huku nyingine zikimhesabu kuwa wa pombe pale tu unaposema "especial" au "con licor".

Na usidanganywe na moto. Carajillo quemado na cremaet vinawaka mbele ya macho yako, lakini sehemu kubwa ya pombe hubaki. Anayejizuia kwa dini, dawa au ujauzito asihesabu kwamba imeungua yote.

Chupa ya kupeleka nyumbani

Ukitaka chupa moja tu itakayofanya kazi nyingi, nunua Licor 43. Haina heshima ya brandi nzuri, lakini inaingia kwenye kahawa ya moto, kwenye barafu na kwenye maziwa, na ikiwa imefunguliwa inadumu kabatini. Barraquito unamtengeneza jikoni kwako kwa maziwa ya kopo ya dukani, mdalasini na limau. Espreso ukiikosa, kahawa nzito ya birika inatosha.

Kwa zawadi ya mzee anayekunywa taratibu, Solera Gran Reserva, na sanduku lake. Kwa mtu wa viungo, resolí au anisi dulce. Pacharán nunua ukiwa na uhakika itapata friji, maana vuguvugu haina maana. Orujo nyeupe isibebwe kwa mtu usiyemjua kinywa chake.

Pakia kwenye begi la kuingia chini ya ndege, zikiwa zimefungwa kwa nguo na mfuko wa plastiki, kwa sababu katika viwanja vingi vya ndege chombo cha zaidi ya mililita 100 hakipiti ukaguzi wa abiria isipokuwa ukinunua baada ya kukaguliwa. Kanuni za mashirika ya ndege zinaruhusu hadi lita tano kwa mtu za pombe iliyo kati ya asilimia 24 na 70. Ile Chinchón seco especial inapita kiwango hicho, kwa hiyo hairuhusiwi kupanda ndege kabisa. Inywee hukohuko Chinchón, kwa maji baridi, ukikaa kwenye moja ya baraza zinazouzunguka uwanja wa mji.